Mbuzi wa Ukurasa wa Nne

Enzi zetu pale Kitengela hatukuhangaika kutafuta cha kusoma. Tuliamka nacho usoni. Nyumba yetu ilikuwa ya mabati, na kwa kuwa upepo wa kule haubishi hodi, mama alibandika magazeti ukutani kwa uji mzito wa unga wa ngano. Baba alikuwa karani Athi River, na ndiye aliyeyaleta kutoka kazini. Mimi na dada yangu Nafula tuliusoma ukuta tukila ugali: bei ya mahindi, matangazo ya vifo, dawa ya minyoo ya ng'ombe. Mapishi ya keki yalibandikwa kichwa chini, basi nasi tuliyasoma kichwa chini, miguu juu, kitandani. "Damu ikijaa kwa kichwa mtakuwa wajinga," mama alituonya.

Kando ya dirisha palikuwa na habari ya mbuzi. Mjane mmoja na mzee jirani yake walimgombania hadi kortini. Hakimu akaamuru mbuzi afunguliwe kamba, achague mwenyewe kwao ni wapi. Mbuzi akatazama kushoto, akatazama kulia, kisha akaelekea... endelea ukurasa wa nne.

Nafula alikuwa upande wa mjane, mimi wa mzee. Tukawekeana dau: atakayeshindwa ataosha sufuria ya ugali mpaka shule zifungwe. Tukausaka ukurasa wa nne kila ukuta, tukavuta hata kabati la vikombe vya wageni, kikombe kikavunjika, tukachapwa. Hatukumpata mbuzi, lakini njiani tulijifunza kufuga nyuki na kuua kupe, na mpaka leo sijasahau.

Mama Naserian, jirani yetu mwenye mbuzi wengi, alipoleta maziwa tukamwuliza. "Hiyo mbuzi haikuenda kwa mtu," akasema. "Ilienda kwa nyasi." Tukaona hajui sheria.

Jioni moja Nafula aliacha tonge hewani. Ukurasa wa nne uko mgongoni mwa ukurasa wa tatu, ule ule wa mbuzi! Siku zote ulikuwa umeyatazama mabati. Akaleta maji, akalowesha, akabandua taratibu, na gazeti lote likamtokea mkononi kama uji. Mama akatupa sote wawili ile sufuria tuioshe.

Siku hizi mwanangu akitaka keki anaandika neno moja kwenye simu, anapewa keki, anafunga. Hajawahi kupitia minyoo ya ng'ombe, maskini. Nyumba yetu ilishabomolewa, pakajengwa ghorofa yenye kuta nyeupe zisizo na la kusoma. Naukumbuka ule ukuta, na ningeosha sufuria tena ili niusome.

Juzi nilimwomba mwanangu anitafutie yule mbuzi. Simu ikatuletea picha za mbuzi wa kuuzwa Isinya. Nikampigia Nafula, mwalimu mkuu siku hizi, nikitaraji atacheka. Badala yake akauliza, "Na zinaangalia upande gani?"