Kuamia Ndege na Afande

Siku hizi usingizi wangu una mpunga ndani yake. Nikifumba macho adhuhuri kwenye baraza yangu hapa Bungu, ngurumo za malori zinafifia polepole, nami najikuta tena upande wa Ruaruke, juu ya dungu, miguu inaning'inia, ndege wanashuka na kuinuka.

Nilizaliwa Utete, nyuma ya duka la kanga la baba yangu Mhindi. Nilipomwambia nataka upolisi alicheka mpaka miwani ikamdondoka. Mtoto wa kike wa muuza kanga, avae buti? Nilizivaa hadi nikastaafu nazo. Kisha nikatangaza kugombea udiwani, nikajiapiza kwamba kabla ya kuomba kura nitafanya jambo moja la maana: kuna kijiji huko Ruaruke ambacho zahanati yake haikuwa na mkunga, na nilitaka kina mama watie majina yao kwenye barua ya kumwomba.

Ulikuwa msimu wa mpunga. Watu walikuwa wamehamia mashambani, kila familia kwenye dungu lake, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, wakiamia ndege, kuwafukuza wasile mpunga, tangu alfajiri. Mgeni husimama chini, akapiga hodi, akangoja. Mimi nilifika nikagonga nguzo kwa fimbo mara tatu, kama nilivyogonga milango maisha yangu yote. Bibi mmoja akachungulia. Nikafungua daftari, ulimi ukaenda wenyewe: jina kamili, umri, kabila, kazi. Alijibu yote kwa sauti ya mtu anayekiri kosa.

Dungu la pili halikuwa na mtu, ingawa uji ulikuwa bado unafuka moshi. La tatu hivyo hivyo. Kina mama walikuwa wamejificha ndani ya mpunga wakisubiri niondoke. Mimi hasira zangu ziko karibu. Nilirudi kwa yule bibi nikamuuliza wananikimbia nini, ilhali nimekuja kwa heri.

"Uliwahi kuniandika, mwanangu," akasema. "Mume wangu alipopotea mtoni, nilikuja kituoni kwako. Uliuliza hivi hivi, jina, kabila. Ukaniambia nenda nyumbani, tutakuita."

Sikumkumbuka. Nilitafuta uso wake kichwani sikuuona, na hilo liliniuma kuliko maneno yake. Niliona aibu hata pole ikanishinda. Nikauliza kama tulimwita. Akatazama shamba, akaniambia nivue viatu nipande, ndege wanakula.

Nilipanda, nikakaa siku tatu. Asubuhi ukungu ulifunika nguzo zote, madungu yakabaki yanaelea, na sauti za wanawake zikawa zinaitana kutoka pasipoonekana. Nilivuta kamba zenye makopo, nikapiga kelele mpaka koo likakauka, na ndege walinizoea upesi. Nyuma yetu kivulini alilala mjukuu wa bibi, mimba yake miezi minane. Kila alipogeuka, sote wawili tuligeuka kumtazama.

Siku ya tatu bibi akaniambia nitoe daftari. Lakini kwanza nijiandike mwenyewe, yeye aulize. Jina kamili nikaandika. Umri nikaandika. Kwenye kabila kalamu ikasimama. Hakuna aliyewahi kuniuliza, kila mtu alijijibia kwa kunitazama.

"Ruka hilo," akasema. "Kazi?"

Nikamwambia mstaafu.

"Andika anaamia ndege. Tena bado hajui."

Kicheko kikatoka ndani ya mpunga, halafu kina mama wakatoka wenyewe, mmoja mmoja, wakaja kuandikwa.

Tuliipeleka barua ofisi ya wilaya, mimi na bibi, daftari mapajani mwake. Karani aliisoma, akaigongea muhuri, akatuambia kwa upole twende nyumbani, tutaitwa.

Bibi akanigeukia. Sauti niliyoisikia masikioni ilikuwa yangu mwenyewe, ya miaka ile.

"Hatutaki kuitwa," nikamwambia karani. "Tumeshakuja."

Nikavua viatu, nikakaa sakafuni kando ya bibi. Kila asubuhi tulirudi pale pale, mpaka karani akawa anatusalimu kama jamaa zake. Gari lilipoondoka kwenda Ruaruke, bibi alikaa katikati, mimi kushoto kwake, mkunga kulia.