Nimeacha, Daktari

Dalali alikuwa na mdomo wa kuuza hata kiti kilichovunjika mguu. Kwenye mnada wa vitu vilivyotumika, watu walikuja kumsikiliza tu, wakajikuta wanarudi nyumbani na kabati wasilolihitaji. Fizi ndizo zilizomwangusha. Zilivuja damu kila alipopiga mswaki, kwa hiyo akapunguza kupiga mswaki. Mkewe akachoka na harufu, akamswaga hadi kwa daktari wa meno.

Daktari, mama mmoja mpole, alimuuliza kila alipokuja kama ameacha sigara. Naye alijibu, "Nimeacha, daktari." Kwa hesabu zake hakuwa akidanganya: alikuwa ameziacha nje, chini ya kiti cha pikipiki. Akatamba nyumbani kwamba amempiga chenga msomi, na mkewe alipokosa kucheka, akamwona hana ucheshi. Mtu mzima na ndevu zake anamficha daktari namna anavyojimaliza, halafu anajipongeza.

Safari ya tatu daktari aliushika ulimi wake kwa kitambaa, akaugeuza upande. Ubavuni mwa ulimi palikuwa na doa jeupe lisilotoka kwa kusuguliwa. Alipouliza, sauti ilikuwa ile ile ya upole.

"Sigara umeziacha wapi?"

"Chini ya kiti cha pikipiki," akajibu Dalali, mdomo ukitangulia akili kama kawaida yake.

Nesi aliyekuwa akimsaidia daktari akageukia ukutani kuficha kicheko. Daktari hakucheka wala hakumgombeza. Alimweleza kwamba atakata kinyama kidogo kikapimwe; huenda si kitu, huenda ni mwanzo wa saratani, ila kila sigara inalilisha lile doa. Akataka kujua ni ipi inayomshinda kuacha. Ya kabla ya mnada, Dalali akakiri. Basi, daktari akasema, saa hiyo badala ya sigara atafune chingamu ya nikotini, polepole, kisha aibane shavuni. Wachague siku ya kuacha, na daktari mwenyewe atampigia simu kumkumbusha.

Dalali akafanya alichozoea. Tano kwa siku, daktari? Tatu? Basi moja tu, ya heshima.

"Kaka, hapa si mnadani. Mimi natafuta namna ya kukuachia ulimi."

Akachomwa ganzi, akakatwa, akashonwa. Alipotoka, akajaribu kumtania mlinzi wa getini ili apunguze aibu. Ulimi ulilala kinywani kama kitambaa kilicholowa, mate yakamchirizika kidevuni. Mlinzi akamwonea huruma, akamwonyesha choo kilipo. Dalali akasogea pembeni, akajaribu kunadi kwa sauti ya chini: mara ya kwanza, mara ya pili. Halikutoka neno la kuuza hata sindano. Hapo akaogopa, akaogopa kweli kweli.

Akafunua kiti cha pikipiki, akarudi ndani na pakiti, akaiweka mbele ya daktari. Na kwa kuwa hakuweza kusema, siku hiyo hakudanganya.