Mwavuli wa Zege wa Manundu

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa mwiko, nilipewa ufagio. Nilitoka kijijini kwetu Misima alfajiri, shati limenyooshwa pasi, nikidhani leo nitajenga ukuta hadi watu washangae. Fundi Mkuu wa karakana ya majengo ya serikali pale Korogwe, Msambaa mfupi asiyejua kusema polepole, akanitazama toka kichwani hadi viatuni, akanyoosha kidole juu. "Panda ule mwavuli ukafagie. Kujenga utajenga baadaye."

Mwavuli wenyewe ulikuwa wa zege. Nyie vijana mnaosomea ujenzi hamtaukuta, kwa hiyo niwaeleze. Lilikuwa jengo la maduka la ghorofa moja pale Manundu, humohumo Korogwe, la miaka ile nchi ilipokuwa changa na wachora ramani wakithubutu. Ukuta wa mbele ulikuwa wa matofali ya matundu, yanayopitisha upepo na kukataa jua. Sakafu ilikuwa ya terazo, yaani vipande vya mawe vilivyomwagwa na saruji kisha vikasuguliwa hadi vikang'aa. Na mlangoni ilisimama nguzo moja tu, imebeba paa la zege lililoinua pembe zake juu, kama mwavuli uliogeuzwa na upepo. Maji ya mvua yalikusanyika katikati, yakashuka kwa bomba lililofichwa ndani ya nguzo, wala hukuona mfereji popote. Watu walielekezana kwa jengo lile: "Tukutane Mwavulini."

Kila mwaka kabla ya masika tulikuwa na desturi ya kuunywesha. Tunafagia majani na uchafu wa kunguru, tunaziba tundu la katikati kwa kitambaa, tunajaza maji na kuyaacha hadi kesho yake. Asubuhi Fundi Mkuu anapapasa chini kutafuta unyevu, halafu mmoja wetu anapanda kuchomoa kitambaa. Lo! Maji yalivyonguruma ndani ya nguzo! Wenye maduka walitoka mbio kuja kuweka sikio, na wa kwanza siku zote alikuwa Mama Zuhura, mke wa fundi cherehani aliyeshona chini ya mwavuli ule.

"Kanywa, na kakojoa," Fundi Mkuu anatangaza. "Mzima huyo!"

Mama Zuhura anaziba uso kwa kanga kwa kicheko, kisha anatuletea chai.

Baadaye nilihamishiwa Handeni, kwenye nyumba ya wageni yenye matofali ya matundu kama yale. Wageni walilalamikia vumbi, basi mtu akayapiga lipu yote. Mhandisi alipofika akasimama mlangoni, jasho linamtiririka. "Nani kaziba pua za nyumba?" Tulibandua lipu ile kwa patasi, tundu kwa tundu, tukimlaani aliyeipiga. Kutoka Handeni nikaenda Hale kutunza nyumba za wafanyakazi, na kote huko kazi ilikuwa ileile: kufagia, kukagua, kuacha jengo lipumue. Niliporudi Korogwe nilikuwa Fundi Mkuu mwenyewe, ila wa karakana isiyo na watu. Majengo yalikuwa yameuzwa moja moja, na wanunuzi hawakutaka kusikia habari ya kunywesha zege. Nikastaafu, nikarudi Misima kulima mahindi.

Mama Zuhura wakati huo alikuwa mjane, anashona mwenyewe kwa cherehani ya marehemu, palepale chini ya mwavuli. Siku moja mwenye jengo akamwambia anataka kuvunja ajenge maduka ya vioo. Mama wa watu akamlilia. Mwenye jengo akalegea kidogo: "Sawa, mama. Lakini masika haya mwavuli ukivuja tu, naubomoa."

Nami sikuwapo. Kaka yangu alikuwa mgonjwa, nilikuwa namuuguza, na Mama Zuhura aliona haya kuniita. Alipoona doa la unyevu kwenye zege, juu ya meza yake, akaingiwa na hofu, akatafuta vijana wenye saruji. Walipanda wakakuta tundu pale katikati, wakamwambia ndipo panapovuja. Usipoziba ufa utajenga ukuta, akawaambia, zibeni vizuri. Wakaziba. Waliziba kwelikweli, maskini, kwa moyo mmoja.

Nilifika masika yakiisha. Juu ya mwavuli palikuwa na bwawa, na majani yameota. Maji yaliyokosa njia yalikuwa yameingia kwenye nondo, na nondo ikipata kutu huvimba, ikivimba hupasua zege. Vipande vilikuwa vikidondoka juu ya cherehani. Mwenye jengo alitimiza neno lake.

Siku ya kubomoa tulisimama ng'ambo ya barabara, mimi na Mama Zuhura. Nguzo ilipoanguka ilipasuka katikati, bomba likaonekana limejaa majani makavu, yameshindiliwa hadi juu. Ndiyo yaliyoleta lile doa. Nililia, sioni haya kusema. Mama Zuhura hakulia. Alitazama bomba lile, akanigeukia.

"Kaka," akasema, "wewe ndiye unayejua kazi hii. Niambie kweli. Ni mimi niliyeuua?"

Wallahi ningeweza kumwambia. Kazi yangu yote ilikuwa kusema jengo lina nini.

"Hapana, dada. Ulikuwa umezeeka. Zege nalo huzeeka kama sisi."

"Alhamdulillahi," akasema, akashusha pumzi. "Basi siku yake ilifika."

Amekwishatangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu, ndiyo maana leo naandika. Vijana, msimlaumu. Mtulaumu sisi tuliostaafu na siri ya kazi bila kumwachia mtu. Zege lile lilikuwa halijazeeka. Lilikuwa linataka ufagio tu.