Chombo Kisiingie Majini

Mume wangu alikuwa fundi wa vitanda na majeneza, na fundi wa aina hiyo hakosi kazi, kwa sababu watu hulala na watu hufa. Akimkabidhi mteja kitanda, alikuwa na desturi yake. Anashika pembe moja, anakitikisa kwa nguvu, anasikiliza kama kinalia. Kisipolia, anasema, "Lala salama," ndipo kitanda kinaondoka. Kwenye majeneza alitikisa tu, halafu akanyamaza.

Mimi ndiye niliyemtoa kwenye vitanda nikamwingiza kwenye boti. Nilizaliwa Ikola, kando ya Ziwa Tanganyika, nikaolewa Kawajense, pale Mpanda mjini, ambako maji mengi niliyoyaona ni yale ya kwenye pipa. Kwa miaka niliuza sokoni dagaa wa boti za watu. Wenye boti waliniuzia dagaa waliojaa mchanga, na nikilalamika wananiambia mchanga ni nyongeza. Mimi nina hasira za karibu, sifichi. Mwanzoni mwa miaka ya tisini niliuza cherehani yangu, iliyokuwa imetulisha kila biashara ya dagaa ilipolala, nikamwambia mume wangu, "Boti ni kitanda kilichoinuliwa kingo. Anza."

Mbao za mninga kwetu zilikuwepo, Ikola zilikuwa za kutafuta kwa tochi, kwa hiyo tuliamua boti itengenezwe uani kwetu na ipelekwe ziwani ikiwa imekamilika. Majirani walikuja kutazama. Mmoja aliuliza hilo jeneza ni la ukoo gani. Mwingine alipita kila asubuhi kuuliza mvua inaanza lini. Mume wangu aliendelea kupiga randa. Hakujua kuogelea, na kipimo cha boti hakuwa nacho, basi akatumia alichokijua: upana wake aliunganisha kitanda cha sita kwa sita na cha nne kwa sita. Nilipomuuliza mbona pana hivyo, alisema hataki mtoto wa mtu adondoke usiku.

Nahodha niliyekubaliana naye kule Ikola alikuwa amekwisha kukusanya wavuvi wake. Sasa, dagaa wa ziwa lile huvuliwa gizani, kwa taa za karabai. Mbalamwezi ikiwa kali, taa haiwadanganyi, wavuvi wanakaa pwani wakishona nyavu. Mwezi ukififia, giza linaingia, na hapo kila mvuvi anataka kuwa na boti. Nahodha alinitumia salamu kwa wachuuzi wenzangu: "Mwambieni mama, giza likiingia boti haipo, sisi tunaingia kwa mwingine." Nilielewa vizuri. Cherehani nilishauza, na boti isiyo na wavuvi ni kuni za mninga. Nilianza kuutazama mwezi kila jioni kama mtu anayemdai.

Lori tulilipata. Dereva wake alikuwa Mpimbwe, mtu wa rozari, aliyeleta mpunga mjini na alikuwa anashuka Ikola kuchukua dagaa. Alipoiona boti alizunguka mara kadhaa, akavua kofia.

"Dada, hii itatokeza nje kulia na kushoto. Bila kibali cha mzigo mpana mimi sigusi. Nilishawahi kubeba mbao ndefu za kanisa bila kibali, nikalala kizuizini na mbao zangu. Na zilikuwa za kanisa!"

Kwa hiyo nilikwenda ofisi ya barabara. Hapo nilimkuta bwana mmoja mwembamba, mwenye tai, mwenye futi ya chuma mfukoni, ambaye mimi mpaka leo namwita Bwana Kibali. Hakuwa mtu mbaya. Tatizo lake ni kwamba alizipenda sheria kuliko watu walioziandika.

"Mzigo wako unagawanyika?" aliniuliza.

"Ni boti."

"Nauliza, unagawanyika? Kibali cha mzigo mpana hutolewa kwa mzigo usiogawanyika. Kama unagawanyika, ugawanywe, upakiwe kawaida."

"Ukiigawanya, bwana, vinatoka vitanda viwili. Nitavulia nini, mito?"

Aliandika kitu, akasema vizuri, haigawanyiki. Karatasi ilibidi iende Sumbawanga, kwa sababu enzi hizo sisi tulikuwa chini ya Mkoa wa Rukwa na mihuri mikubwa ilikaa huko. Ilienda na basi. Basi likaharibika. Mwezi ukajaa, ukaanza kuliwa upande mmoja, na mimi nikaanza kumgombeza kila aliyenisalimia. Karatasi iliporudi, ilikuwa na masharti yamepigwa chapa, na niliyasoma mpaka nikayakariri: chombo kisafiri mchana tu, chombo kiwe na vitambaa vyekundu kila pembe, chombo kisindikizwe na mwakilishi wa ofisi, chombo kisibebe abiria, chombo kisiingie kwenye maji ya aina yoyote hadi muda wa kibali utakapokwisha. Hilo la mwisho nadhani liliandikwa masika moja mto ulipobeba lori la mtu, likabaki kwenye kila kibali hata kiangazi.

Kitambaa chekundu kilikosekana madukani. Nililikata gagulo langu. Tukapakia boti asubuhi, vijana wa mtaa mzima wakisukuma na kucheka, na mume wangu akafunga gagulo langu kwenye pembe zote nne kwa heshima kabisa, kipande kimoja akakibakiza mkononi ili awapungie watu kwenye kona. Mbele ya lori palikuwa na nafasi ya dereva na mimi, maana tairi la akiba na madumu ya mafuta yalikosa pa kukaa, tukakaa nayo. Mume wangu akapanda ndani ya boti. Bwana Kibali, ambaye ndiye mwakilishi, naye akapanda, akakaa kwenye ubao wa nyuma, mahali pa nahodha, akafungua mwavuli.

"Mzee," mume wangu alimwambia, "hapo nimeziba nyufa kwa pamba na lami. Lami haijakauka vizuri."

"Serikali haikai chini," alisema Bwana Kibali, akabaki kwenye ubao wake.

Basi tukaondoka, boti juu ya lori, mwavuli juu ya boti. Watu walitoka majumbani. Tulipokuwa tunatoka Kawajense yule jirani wa mvua alinyoosha kiganja juu, akakitazama, akatikisa kichwa.

Baada ya saa kadhaa za vumbi tulikuta kundi la ng'ombe limejaa barabara, na Msukuma mmoja amesimama katikati na fimbo yake, mmoja wa wale waliokuja na mifugo kutoka kaskazini. Alituangalia kwa makini.

"Nyie mmepotea? Maji yako wapi huku?"

Bwana Kibali alimweleza kutoka juu kwamba huu ni mzigo mpana, una kibali, na una haki ya kupita kwanza. Msukuma akafikiri. Akaonyesha dume lake moja, lenye pembe zilizokwenda kila moja upande wake.

"Na huyu? Pembe zimezidi. Naye anatakiwa kuwa na kibali?"

Naapa, Bwana Kibali alishuka na futi yake. Alizipima pembe zile, dume likimpumulia kwenye tai, akarudi akasema kwa uchungu kidogo kwamba ziko ndani ya kiwango. Msukuma alifurahi sana, akaliambia dume lake, "Umesikia? Pita." Ng'ombe wakapita wote kwanza, kundi zima, na sisi tukasubiri.

Mbele zaidi tulifika kwenye kijito ambacho daraja lake lilikuwa limevunjika. Magari yalipita majini, na maji yenyewe yalikuwa hayafiki magotini. Dereva akasimama. Alikuwa mtu mwoga wa karatasi, naye kibali alikisoma.

"Bosi!" aliita. "Kibali kinasema chombo kisiingie majini. Nigeuze?"

Moyo wangu ulikufa. Kugeuza maana yake ni Sumbawanga tena, basi tena, na mwezi usingesubiri. Bwana Kibali alikuwa hajala tangu asubuhi, na mbele yetu, ng'ambo ya kijito, mama mmoja alikuwa akichoma mahindi.

"Chombo ni nini?" aliuliza hatimaye.

"Si lori hili, bosi?"

"Hapana. Kibali kimeombwa kwa ajili ya boti. Chombo ni boti. Je, boti imeguswa na maji? Haijaguswa. Pita."

Tulimsifu sana. Nilimnunulia mahindi kwa mkono wangu. Nilisema moyoni, kumbe huyu bwana ana akili, na nikajuta maneno yote niliyokuwa nimemsema tangu Kawajense.

Tulifika Ikola siku ya pili alasiri, baada ya kulala njiani kama kibali kilivyotaka. Dereva alisali mteremko wote wa mwisho, na mimi nilimwitikia. Ufukweni nahodha na wavuvi wake walikuwa wamekwisha kupanga magogo ya kuiviringishia boti. Dagaa wa zamani wameanikwa mchangani, harufu ya kwetu. Boti ikashushwa, wimbo ukaanza, wanaume wakaegemeza mabega. Pua ya boti ilikuwa imebakiza hatua chache ilambe maji nilipomsikia Bwana Kibali akipaza sauti.

"Simameni! Chombo kisiingie majini!"

Wimbo ukakatika. Alikuwa amekuja mbele na karatasi yake. Akasoma sharti la mwisho kwa sauti, neno kwa neno.

"Lakini ni boti," nahodha alisema taratibu, kama anayezungumza na mgonjwa.

"Ndiyo. Na njiani tulishaamua, mbele ya mashahidi, kwamba chombo ni boti. Siwezi kusema hivi kijitoni nikasema vile ziwani. Itakaa hapa mpaka muda wa kibali uishe. Mwisho wa mwezi."

"Mwezi upi?" nahodha akauliza, akiangalia juu. "Huu wetu, au wa kalenda?"

"Wa kalenda."

Wavuvi wakatazamana. Mwezi wao ulikuwa umebaki kipande tu. Nahodha hakunitazama usoni. Alianza kukung'uta mchanga mikononi, na mtu anayekung'uta mikono anajiandaa kuondoka. Nilimwona mume wangu amesimama kando ya boti yake, bado ameshika kile kipande cha gagulo. Nilipiga kelele. Niliita sheria kila jina baya, na Sumbawanga nayo. Bwana Kibali alinisikiliza kwa adabu mpaka nikaishiwa pumzi, kisha akageuka aende kutafuta kivuli.

Alipogeuka ndipo nikaiona suruali yake. Nyuma, kuanzia kiunoni hadi chini ya makalio, ilikuwa nyeusi kwa lami, na pamba imenata juu yake.

"Bwana," nikasema, na sauti yangu ilikuwa tamu mpaka mume wangu akashtuka. "Hiyo suruali imepatwa na nini?"

Akajipapasa. Vidole vikanata.

"Chombo ni boti," nikasema. "Sawa, nimekubali. Sharti la nne linasemaje? Chombo kisibebe abiria. Nani alikaa ndani ya chombo, na mwavuli juu, kutoka Mpanda mpaka hapa? Basi chagua mwenyewe. Kama chombo ni lori, boti yangu iingie majini. Kama chombo ni boti, wewe umevunja kibali, na ushahidi umeukalia."

Bwana Kibali akasoma karatasi yake juu na chini. Alikuwa anateseka kweli, na nilimwonea huruma kidogo, si nyingi.

"Sikuwa abiria," alisema mwishowe. "Abiria hulipa nauli. Mimi nilikuwa… nilikuwa sehemu ya mzigo."

"Asante, baba," nikasema. "Mzigo hauna mdomo. Sukumeni!"

Ufukwe mzima ulicheka. Dereva alicheka mpaka akakaa mchangani. Na Bwana Kibali, hili nampa sifa yake, alitoa kalamu, akageuza karatasi, akaiegemeza mgongoni mwa nahodha, akaandika kwamba mzigo wote umeshushwa, safari imekamilika, na kibali kimekwisha muda wake. Akasaini. Ndipo akasema boti iingie.

Iliingia. Na ilipoingia ilianza kuvuja kila upande, kwa sababu mbao zilikuwa zimekaukia juani njia nzima. Nilishika kichwa. Nahodha akasema boti ya bara lazima inywe kwanza, ikishiba mbao zinavimba, inafunga yenyewe. Wote wakaingia kukumba maji, na Bwana Kibali naye akaingia na karai, maana suruali ile haikuwa na cha kupoteza tena. Jioni hiyo ilikuwa bado inakunywa. Kesho yake asubuhi ilikuwa imeshiba, sakafu kavu, na nahodha akaniambia giza hili watavua kwangu. Nililia mbele za watu, na sikuona haya.

Mume wangu, ambaye hakuwahi kuingia maji yanayopita kifundo cha mguu, aliingia ziwani na viatu vyake mpaka kiunoni. Akashika pembe ya boti, akaitikisa kwa nguvu, akainamisha sikio. Haikulia. Akamtazama nahodha na watu wake.

"Mlale salama," akawaambia.

"Tukilala huko, mzee," nahodha akajibu, "mkeo atauza nini?"