Orodha Tupu ya Maduara

Jumanne tulimzika Nyahanga yule mtunzi wa programu za kompyuta niliyewahi kumcheka humu kwenye safu hii kwamba ni mbishi. Figo ndizo zilizomuua. Nisiwafiche, nimerudi na hasira, na hasira yenyewe ni ya hotuba. Bosi wake alisimama mbele ya jeneza akasema marehemu "alipenda kazi safi." Kazi safi! Barua ya onyo aliyomwandikia nimeishika kwa mikono yangu.

Marehemu alitengeneza mfumo wa kuwaambia wachimbaji wa dhahabu wa Nyarugusu, kila asubuhi, maduara gani, yaani mashimo yao ya kuchimbia, si salama, wasishuke. Mstari mmoja wa programu yake uliiuliza hifadhidata: nipe kila duara ambalo "salama" ni sawa na "hapana". Programu inayokagua uandishi ikaupaka njano: usilinganishe na "hapana" namna hiyo, andika "si salama" tu. Nikamwambia, si ubadilishe tu yaishe? Akacheka. "Kaka, hii inadhani naiuliza kompyuta hapahapa. Mimi natuma swali kwenye hifadhidata. Nikiandika inavyotaka, ni kama namtuma mtu Kharumwa akaulize ng'ombe gani wanaumwa, halafu namjibu mwenyewe mlangoni: hakuna. Haendi kokote." Pembeni ya mstari akaandika: usiguse, na sababu yake.

Alipolazwa, bosi akaamuru njano zote zifutwe, wageni wanakuja. Mstari ukaguswa, ukaandikwa kama ile njano ilivyotaka. Asubuhi iliyofuata orodha ikatoka tupu, na machimboni watu wakashangilia. Mama mmoja muuza uji ndiye aliyeguna, "Jana lile la mwisho lilikuwa na ufa. Leo limepona lenyewe?" Msimamizi wa machimbo akampigia simu mgonjwa wetu wodini. "Tupu? Haijawahi kuwa tupu! Msishuke, nawaomba, msishuke!" Mchana duara lile likatitia, ndani hamna mtu. Shukrani yake ikawa ile barua: eti aliacha njano bila kuzishughulikia.

Jamani, alizishughulikia! Alisoma onyo, akalijibu, akaandika kwa nini. Wakubwa wetu hawasomi, wanafuta tu, kioo kikiwa cheupe wanaona wamefanya kazi. Nami nilikuwa upande wao, nisamehe ndugu yangu. Msomaji, ukiletewa orodha tupu ukaambiwa hakuna hatari, uliza kwanza kama swali lilifika.

Hotuba ilipokwisha, wanaume sita waliovaa mabuti ya machimbo walisogea, wakashika kamba, wakamshusha taratibu. Ni wachimbaji wa duara lile la mwisho. Mmoja aliinama kaburini akamshukuru kwa Kisukuma, "Wabeja, baba. Sisi hatukushuka."