Nyonga ya Mama na Picha Iliyopinda

Mama yangu alikuwa na nyonga ya bandia, na aliringa nayo. Mgeni akija mtaani kwetu Lizaboni, hata shikamoo hajaimaliza, keshaanza kuelezwa: ile ya kuzaliwa nayo ilikufa, sasa ana gololi ya chuma inayozunguka ndani ya kikombe cha plastiki ngumu. Halafu anasimama na kutembea mbele ya mgeni, anakwenda na kurudi, kama anajaribu viatu dukani. Niliona aibu, lakini nilimpenda na mikogo yake hiyo hiyo.

Tabu ya plastiki ni kwamba hulika. Gololi huisaga taratibu, na ikisagika sana nyonga hulegea, mtu akarudi kupasuliwa. Kwa hiyo kila mwaka mama alikwenda hospitali kupigwa picha ya eksirei, daktari apime imelika kiasi gani.

Mwaka ninaousema ni wa enzi za ruksa, maduka ya mtaani yameanza kujaa sabuni za kila rangi, nami nimeposwa. Mahari ilishapokelewa, harusi ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata, na mama alishaapa kucheza lizombe, ngoma yetu ya asili, mpaka aombwe kukaa. Mchumba wangu ndiye aliyekuwa mpiga picha mpya wa eksirei pale hospitali.

Daktari, kijana mpole kutoka Kanda ya Ziwa, alibandika picha mbili kwenye kioo chenye taa, ya mwaka uliopita na ile mpya. Plastiki yenyewe haionekani pichani, ila kikombe kimezungushiwa waya mwembamba, na huo unaonekana. Akapima kwanza upana wa gololi, maana alijua ukubwa wake wa kweli, apate kujua picha imekuza vitu kiasi gani. Kisha akapima kutoka kwenye gololi hadi kwenye waya, juu na chini. Akapima tena. Akaweka rula chini.

Akatuambia kwamba ndani ya mwaka mmoja plastiki imelika kuliko miaka yote ya nyuma, na kwamba mama lazima apelekwe Dar es Salaam haraka akabadilishiwe. Njia nzima mama hakumsalimia mtu, yeye ambaye husalimia hata mbuzi. Tulipofika nyumbani aliketi kitandani, akanishika mkono.

“Nyie fungeni ndoa yenu,” akasema. “Mimi kwenye ile meza sirudi. Mara ya kwanza niliamka. Safari hii sitaamka.”

Nililia mpaka nikachoka.

Asubuhi mama mdogo alikuja kutupa pole, nikawa nawakandia unga wa maandazi huku nikiwasikiliza. Sasa, kwetu mama mkwe na mkwewe hawatazamani. Wakikutana njiani, mmoja ataingia hata vichakani. Mama akasimulia alivyotaabika kwenye chumba cha picha: alale mezani mbele ya mkwe wake, tobaa! Alijifunika khanga mpaka usoni, akajigeuza kidogo upande wa ukutani. Mkwe naye akajibanza huko nyuma ya mashine, akasema tu tulia mama, akapiga.

“Ulijigeuza?” nikamuuliza.

“Ulitaka nimkodolee macho?” akafoka.

Hata mikono sikunawa. Nilikwenda mbio hospitali na unga wangu vidoleni, nikamweleza daktari. Akaibandika picha tena, akajipiga paji la uso. Mfupa wa nyonga wa upande mmoja ulionekana mwembamba kuliko mwenzake, kwa hiyo mgonjwa alikuwa amepinda, na waya umepinda naye, na vipimo vyote vilikuwa bure. Akamwita mchumba wangu, akamuuliza kwa nini hakumnyoosha mgonjwa. Mwanamume yule akatazama viatu vyake.

“Daktari, ni mama mkwe.”

Nilitaka kumzaba kofi, na nilitaka kumkumbatia.

Mama akarudishwa. Muuguzi mmoja wa kike ndiye aliyemlaza na kumnyoosha, mchumba wangu akisimama nje ya mlango na kumwelekeza abonyeze wapi, uso ameuelekeza uani. Picha ikatoka. Daktari akapima, akapima tena, akaanza kucheka peke yake. Plastiki ilikuwa imelika kidogo mno, haifiki hata unene wa ukucha. Dar es Salaam hakuna. Acheze atakavyo, ila asichuchumae.

Tulipotoka tukamkuta mkwe amesimama kwenye korido. Mama akageukia ukuta huu, yeye akageukia ukuta ule, mimi nikabaki katikati yao.

“Mwanangu,” mama akauambia ukuta, “mwambie mwenzio harusi ni Jumamosi ile ile, na mimi nitacheza.”

Nikamwambia, kana kwamba hakusikia. Naye akanituma nimpelekee mama shikamoo yake. Nikageuka nikaipeleka. Mama akaitika marahaba, mabega yakimcheza kwa kicheko, na machozi yakidondokea kwenye khanga.