Siku Kasuku Alipokaa Kimya

Kiwandani walimwita Nukta, kwa kuwa hakuwa mtu wa maneno mengi. Akishasema lake ameweka nukta, mengine mtajaza wenyewe. Alikuwa fundi wa mashine ya kukata karatasi katika kiwanda cha uchapaji, kisha akapandishwa kuwa msimamizi wa zamu. Hakuna aliyepata kumsikia akigombana na mtu. Majirani wakimtaja mtu mwema, walimtaja yeye.

Safari ile hakuitaka. Aliitaka mke wake.

"Miaka tisa, Baba!" mama watoto alisema, simu bado iko mkononi. "Miaka tisa tunasema tutakwenda, tutakwenda. Leo nimempata shoga yangu kwenye simu, nimelia kama mtoto. Kasema njooni Jumamosi. Usiniambie gari bovu, maana jana ulilipeleka kazini na likarudi."

Nukta akatoka kwenda kukagua matairi. Angesema nini? Huyo shoga alikuwa mke wa Kasuku, na Kasuku alikuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana. Walikuwa wamepanga nyumba moja, ukuta ukiwa ndio mpaka. Mchana walisimama kwenye mashine moja, Nukta akikata, Kasuku akipanga rimu za karatasi chini ya kisu. Jina hilo la Kasuku alilipata kwa haki yake. Mdomo wake haukuwa na likizo. Aliongea kazini, akaongea njiani, na mkewe aliapa kwamba hata usingizini anaendelea alipoishia.

Mwaka wao wa mwisho pamoja kulikuwa na kalenda nyingi za kuchapa na siku chache za kuzimaliza. Meneja akaona kinga ya chuma iliyo mbele ya kisu inawachelewesha, akaagiza itolewe. Nukta akachukua spana, akafungua bolti nne kwa mkono wake mwenyewe. Siku ya tatu kisu kikashuka kabla ya wakati, kikaondoka na vidole vinne vya mkono wa kulia wa Kasuku.

Jioni yake meneja alimwita Nukta ofisini, akamsukumia karatasi iliyokwisha kuchapwa. Ilisema kwamba majeruhi alikuwa akipiga soga na hakutazama mashine. Kuhusu kinga haikutaja kitu. Meneja hakumtisha. Alisema tu kwamba nafasi ya usimamizi iko wazi na kwamba kinga ile ilifunguliwa na fundi, si na meneja. Nukta alikuwa na mtoto wa miaka miwili nyumbani. Akasaini.

Na nani asingeamini? Kasuku kupiga soga! Lakini siku ile, siku moja tu katika miaka yote, Kasuku hakuwa amesema neno tangu asubuhi. Jino lilikuwa linamuuma, shavu limevimba kama andazi, na Nukta alimtania kwamba leo hata mashine zinashangaa.

Kasuku alifukuzwa kazi kwa uzembe. Mwezi haukuisha, yeye na mkewe wakahamia mji wa mbali. Wanawake wawili wakaagana mlangoni kwa machozi, mmoja akijua, mwingine asijue.

Basi Jumamosi wakatoka alfajiri, baba kwenye usukani, mama kando yake na shuka mbili mpya za zawadi mapajani. Nyuma walikaa kifungua mimba, msichana wa miaka kumi na mmoja aliyependa kuuliza, na mdogo wake wa miaka sita. Kabla hawajamaliza mitaa ya kwao walikuwa wameshagombania dirisha. Kufika njia panda, yule mdogo akatapika chai yote kwenye viatu vya dada yake. Wakasimama, wakaosha, wakacheka. Mama aliimba nyimbo za shule, akasahau maneno, akatunga yake. Ilikuwa safari ya raha kwa wote waliokuwamo isipokuwa dereva, aliyekuwa akiomba kila daraja liwe limevunjika.

"Mbona unatoka jasho na dirisha liko wazi?" mama akamuuliza.

"Jua," akasema, akaweka nukta.

Walipokelewa kwa shangwe. Kasuku alikuwa amenenepa kidogo, ndevu zimeingia mvi, mdomo ni uleule. "Karibuni, karibuni! Shemeji, hujazeeka hata siku moja, mumeo ndiye kazeeka kwa niaba yako!" Alimpa Nukta mkono wa kushoto. Wa kulia, uliobaki na gumba peke yake, ulikuwa mfukoni.

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, sakafu ya saruji inang'aa kwa kupigwa deki. Uani kulikuwa na kitalu cha miche, mamia ya vifuko vyeusi vya plastiki vimepangwa mistari, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Kasuku siku hizi. Wakala, wakashiba. Nukta alieleza habari za barabara, kisha habari za mvua, kisha akarudi tena kwenye barabara. Mke wa Kasuku alimtazama kila alipofungua kinywa, kama mtu anayesubiri jina lake liitwe. Alipofunga, alishusha macho kwenye sahani.

Baada ya chakula Kasuku akainuka. "Ndugu yangu, njoo nikuonyeshe miche. Sisi wawili tu. Hawa waache na porojo zao."

Wakatembea hadi mwisho wa kitalu. Hapo Kasuku akasimama, akanyamaza. Ajabu ya mtu yule kunyamaza! Alinyamaza kwa muda ambao mtu angeweza kusema jambo zima, lenye mwanzo na mwisho.

Nukta akainama, akashika jani la mche mmoja. Akakohoa.

"Mbolea unatumia ya samadi au ya dukani?" akauliza.

Kasuku akamtazama. "Ya samadi," akasema. Kisha akapaza sauti kuelekea nyumbani: "Watoto! Njooni mnisaidie kujaza udongo!"

Watoto wakaja mbio, wale wanawake wawili nyuma yao na sinia la vikombe vya chai. Kasuku akachuchumaa, akautoa mkono wake wa kulia mfukoni, akabana kifuko kwa gumba na kiganja na kujaza kwa kushoto. Alikuwa hodari, lakini msichana hakutazama uhodari. Alitazama mkono, uso ukamchangamka kama aliyepata jibu la hesabu.

"Baba mkubwa! Kumbe ndiye wewe!"

"Ndiye mimi nani, mwanangu?"

"Yule aliyekatwa kwa sababu ya kupiga soga! Baba hutuambia kila siku. Nikishika kisu nikiongea, husema, 'Kuna mtu mmoja alikuwa mzembe, mdomo wake haukutulia, leo hana vidole.' Hata mdogo wangu anaijua."

"Hana vidooole," mdogo akaitikia kwa sauti ya kiitikio. Inaelekea ndivyo walivyoizoea kwao.

Vikombe vikaacha kugongana. Nukta aliona ardhi iko palepale, wala haikupasuka immeze kama alivyotamani.

Kasuku alimalizia kujaza kifuko alichokishika, akakishindilia vizuri. "Naam," akamwambia msichana kwa upole. "Ndiye mimi. Baba yako kasema. Ukishika kisu usiongee."

"La!" Mke wake akaweka sinia chini. "La, mume wangu. Wewe samehe unavyotaka, lakini hilo hutalisema uani kwangu." Akamgeukia shoga yake, si Nukta. "Siku ile jino lilikuwa linamuuma. Chai niliyompa asubuhi aliinywa kwa mrija. Hakuweza kufungua mdomo, atapiga soga na nani? Kinga ya mashine ilifunguliwa. Aliyeifungua unaishi naye. Aliyesaini kwamba ni uzembe unaishi naye. Uliponipigia simu nikadhani mumeo ndiye kakutuma. Nikamwambia huyu, 'Hatimaye anakuja kulisema.' Kanunua hata shati. Kumbe mmekuja kula!"

Mama aligeuka polepole kumtazama mumewe. "Baba?"

Nukta akachuchumaa, akaanza kujaza kifuko. Mama akawa amejibiwa.

Hakuna aliyewafukuza. Mama mwenyewe ndiye aliyekusanya watoto na viatu vyao. Alimshika shoga yake mikono miwili, na yule mwenzake akaiondoa mikono yake taratibu.

Kasuku aliwasindikiza hadi kwenye gari. Ndipo Nukta, mkono ukiwa kwenye kitasa, maneno yakamtoka kwa wingi kuliko aliyowahi kusema maishani mwake. Alikosa, aliogopa, mtoto alikuwa mdogo, meneja alimbana, usiku haupiti bila yeye kuwaza...

"Ngoja," Kasuku akamkatiza. "Kule kwenye miche nilikupa nafasi. Tulikuwa wawili, hakuna mtoto, hakuna mke. Ukaniuliza habari za mbolea. Sasa umeumbuliwa ndipo unataka nikupokee mzigo? Mimi ni mtu wa mkono mmoja, ndugu yangu. Beba mwenyewe." Akafungua mlango wa dereva kwa kushoto, akasubiri aingie, akaufunga. "Muwe na safari njema."

Mama alikaa nyuma na watoto. Kiti cha mbele kilibaki kitupu njia nzima. Kwenye kituo cha mafuta alifungua mdomo mara moja tu: "Ulisaini kwa hiari yako?"

"Nilisaini."

"Na cheo ukapewa."

"Nikapewa."

Akampangusa mtoto pua.

Wiki iliyofuata Nukta aliandika barua, akaeleza yote, kinga, bolti, jino, meneja. Nakala moja aliipeleka kiwandani, ambako meneja yule alikwisha kustaafu na mpya akasema ataishughulikia, akaiweka chini ya karatasi nyingine. Nakala nyingine alimtumia Kasuku. Haikujibiwa. Mama naye alimpigia shoga yake kila Jumapili kwa mwezi mzima, simu ikaita mpaka ikachoka, na Jumapili ya tano namba haikupatikana tena. Alilia siku hiyo jikoni, na mumewe alipoingia akajifuta uso akamuuliza kama yuko tayari kula.

"Mwanao utamweleza mwenyewe," mkewe alimwambia. Basi jioni moja Nukta akamketisha kifungua mimba barazani, akamweleza kila kitu bila kuficha. Msichana alisikiliza mpaka mwisho, mikono katikati ya magoti, wala hakukatiza hata mara moja, yeye aliyekuwa na swali kwa kila kitu. Kisha akauliza moja.

"Na mengine uliyotufundisha, Baba? Hayo ni ya kweli?"

"Ni ya kweli," Nukta akasema.

"Haya, Baba," akaitikia kwa adabu, kama mtoto anavyomwitikia mgeni, akaomba ruhusa ya kuingia ndani.